Gramu Kumi za Rangi Nyekundu

Nyinyi mnaoingia maabara sasa mmeikuta mizani imeshakaa mezani, imeshachomekwa kwenye umeme, namba zinawaka. Mnaweka kitu, mnasoma, mnaandika, mnaondoka. Siwalaumu, hata mimi ningefurahi kuikuta hivyo. Lakini juzi binti mmoja anayefanya kazi na nyinyi alikuja kunisalimia hapa Robanda, akanikuta shambani naokoteza mtama uliobakizwa na tembo. Hata kabla hajakaa akasema, "Shikamoo mama. Kwenye daftari la zamani la maabara kuna ukurasa umeandikwa kwa wino mwekundu, na jina ni lako. Ulifanya nini?"

Nikamwambia akae kwanza, anywe uji. Nilipomaliza kumsimulia akasema, "Mama Nyangi, haya uwaandikie na wenzangu." Basi nawaandikia.

Nilijifunza kazi chini ya Bwana Athumani, mkuu wa maabara yetu ndogo, katika hospitali ambayo sina haja ya kuitaja. Alikuwa mtu wa Tanga. Baba yake na babu yake walikuwa masonara, na nadhani ndiyo maana aliiheshimu mizani kuliko alivyotuheshimu sisi. Aliletwa Serengeti kwa barua ya uhamisho ya miaka miwili, akakaa ishirini na kitu. Sisi tulimwita Mswahili, naye alituita watu wa nyama. Ijumaa akienda msikitini aliifunika mizani kwa kitambaa cheupe na kutuambia, "Asiiguse mtu mpaka nirudi." Na kweli hatukuigusa.

Mizani ya kwanza niliyoikuta ilikuwa ya sahani mbili, ndani ya kabati la kioo. Mawe yake yalilala kwenye kisanduku cha mbao, kila jiwe na shimo lake, kuanzia la gramu mia hadi vile vibati vyepesi kama gamba la samaki. Siku yangu ya kwanza niliokota jiwe la gramu ishirini kwa vidole. Bwana Athumani hakunigombeza. Alinipa kikombe kidogo cha kioo kilichosafishwa, akaniambia nikipime kwa kukishika na koleo. Nikapima. Kisha akasema, "Haya, sasa kishike kwa mkono wako, kigeuzegeuze, halafu kipime tena." Uzito ukawa umeongezeka.

"Hiyo tofauti ni nini?" akaniuliza.

"Sijui, bwana."

"Ni wewe. Jasho lako na mafuta yako. Na mgonjwa hakuyaagiza."

Tangu siku hiyo sijawahi kushika jiwe la mizani kwa mkono mtupu. Hata dukani, muuza sukari akishika mawe yake na vidole vyenye mafuta ya taa, namtazama vibaya.

Mizani ya kidijitali ilikuja baadaye, ndani ya boksi lililojaa sponji. Bwana Athumani alishinda siku nzima anaizunguka. Tuliiweka kwanza kwenye meza ya mbao karibu na dirisha. Namba zikawa zinarukaruka kama mbuzi aliyekanyaga siafu. Tukazima feni, zikatulia kidogo. Lori likapita barabarani, zikaruka tena. Mpishi wa wodini akatwanga kisamvu nyuma ya ukuta, ikawa kila mchi ukishuka, namba nayo inashuka. Mwisho Bwana Athumani akamwita fundi ujenzi amjengee meza ya zege, yenye miguu yake yenyewe chini, isiyogusana na ukuta. Fundi aliuliza, "Mzee, unaweka jenereta hapa?" Akajibiwa, "Naweka kitu kinachosikia unyoya." Fundi akamaliza kazi akaenda kusimulia sokoni kwamba hospitali ina mzee amechanganyikiwa.

Meza hiyo ndiyo mnayoitumia mpaka leo. Msije mkaivunja kwa kudhani ni mbaya.

Na kwa kuwa mmenipa nafasi, niwaambieni machache ambayo karatasi ya maelekezo haisemi kwa mkazo. Ukiiwasha mizani asubuhi, iache ipate joto kama nusu saa. Ni kama trekta la zamani, haliendi shambani likiwa la baridi. Kabla ya chochote tazama kile kiputo kidogo cha pima maji. Kisipokuwa katikati ya duara, zungusha miguu ya mizani mpaka kikae. Usipime chombo kilichotoka kwenye oveni. Niliwahi kufanya hivyo nikaona kikombe kinazidi kuwa chepesi mbele ya macho yangu, nikafurahi kwamba nimekausha vizuri, kumbe ni hewa ya moto inapanda na kukibeba. Kiangazi, upepo mkavu ukivuma kutoka mbugani, msichote unga wa dawa kwa kijiko cha plastiki. Plastiki inajaa umeme wa msuguano, unga unaruka wenyewe na kunata kwenye kuta za chombo. Tumia cha chuma. Na zile chumvi zinazopenda maji, ukifungua mkebe, pima haraka ufunge, maana kadiri unavyopiga stori ndivyo zinavyokunywa unyevu na kuongezeka uzito.

Haya yote niliyajua. Nilikuwa nimewafundisha wengine. Ndiyo maana nasema sikosi usingizi kwa mtu asiyejua. Anayenikosesha usingizi ni yule anayejua na amezoea.

Getini tulikuwa na mlinzi anaitwa Mwita, Mkurya wa upande wa Tarime, mrefu, mcheshi, bakora haimtoki mkononi. Alikuwa na shemeji yake mchimbaji mdogo wa dhahabu. Alasiri moja, kazi zimepungua na Bwana Athumani amekwenda kikaoni, Mwita akaja na huyo shemeji mlangoni.

"Daktari," akaniambia, maana pale kila mwenye koti jeupe ni daktari, "huyu ana kipunje chake. Mnunuzi kamwambia ni gramu moja na nusu. Hamwamini. Mpimie tu, ni jambo la dakika moja."

Nikajua si sawa. Mizani ile ilikuwa ya kazi ya hospitali. Lakini Mwita alikuwa mtu mwema kwangu, mvua ikinyesha ananisindikiza na mwavuli mpaka barabarani. Na niseme ukweli, nilitaka kuonyesha ujuzi wangu. Nikaweka karatasi, nikarudisha sifuri, nikaweka kile kipunje. Ikasoma moja nukta themanini na sita.

"Unaona!" shemeji akapiga kofi. "Mwizi yule!" Kisha kwa furaha akanyoosha kidole na kubonyeza kitufe cha pembeni kabla sijamzuia. Namba ikabadilika ikawa tisa nukta tatu. Macho yakamtoka. "Imeongezeka! Mwita, imeongezeka!"

Tulicheka sote. Nikamweleza kwamba dhahabu haijaongezeka, kilichobadilika ni kipimo, sasa mizani inasoma kwa karati, ambacho ni kipimo cha vito. Gramu moja ni karati tano. Akasikitika kidogo, akafunga kipunje chake kwenye kitambaa, wakaondoka. Mimi nikasikia sauti ya Bwana Athumani uwanjani, nikaizima mizani upesi, nikafuta meza, nikakaa kama malaika.

Sikurudisha gramu. Na mizani ile, ukiizima, hukumbuka ulipoiacha.

Asubuhi yake nilitakiwa kutengeneza rangi mpya ya kupakia makohozi. Siku hizi mna mashine inayosoma kifua kikuu yenyewe, lakini wakati ule tulipaka makohozi kwenye kioo, tukayapika kwa rangi nyekundu, tukayasuuza kwa asidi, tukayapaka bluu, kisha tukatazama kwa hadubini. Kijidudu cha kifua kikuu hushika ile nyekundu hakiiachi, kwa hiyo unakiona kama kijiti chekundu kwenye uwanja wa bluu. Rangi ikiwa hafifu, kijiti hukioni. Unaandika kwamba mgonjwa hana kitu.

Rangi ilihitaji gramu kumi za unga. Kila asubuhi kabla ya kupima ilibidi niweke lile jiwe la gramu hamsini nihakikishe mizani inasema kweli. Asubuhi ile wagonjwa walikuwa wamejaa mpaka nje, na mizani ilikuwa haijawahi kunidanganya. Nikaruka hatua hiyo. Nikapima unga mpaka ikaandika kumi nukta sifuri sifuri. Nikaona unga ni kidogo kwenye karatasi. Jicho langu liliniambia, wallahi liliniambia. Nikalijibu, labda mkebe huu mpya una unga mzito. Rangi ilipokuwa tayari ilikuwa nyepesi kama juisi ya rozela iliyochujwa mara mbili. Nikasema ndiyo hivyo, vitu vya siku hizi. Na slaidi za mfano, zile tunazojua zina ugonjwa ili kujaribia rangi, zilikuwa zimeisha. Nikaanza kazi bila kujaribu.

Siku kumi na moja nikasoma makohozi kwa rangi ile.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa tulivu, nikalikumbuka jiwe la gramu hamsini. Nikaliweka. Mizani ikaandika mia mbili na hamsini. Nikalitoa, nikalirudisha. Mia mbili na hamsini. Nikamwita Bwana Athumani nikamwambia mizani imeharibika.

Akavaa miwani, akainama, akatazama si namba bali herufi mbili ndogo pembeni ya namba, ct ya karati badala ya g. Alipoinuka akauliza taratibu, "Nani amepima kito kwenye mizani yangu?"

Nikamwambia yote, kuanzia kipunje mpaka rozela. Nilitegemea anifukuze. Akauliza swali moja tu: "Slaidi ziko wapi?"

Slaidi zilizosomwa hatuzitupi mpaka zikaguliwe. Zilikuwa zote kwenye kisanduku, arobaini na tatu. Tukatengeneza rangi mpya, gramu kumi za kweli, tukaanza kuzipaka upya moja baada ya nyingine. Alisoma yeye, nikasoma mimi, tukabadilishana. Ya kwanza bluu tupu. Ya kumi bluu tupu. Nikaanza kutumaini. Ya thelathini na moja Bwana Athumani aliinuka kwenye kiti chake akanipisha. Niliinama nikaona vijiti vyekundu vimejaa kama kuni zilizomwagika.

Daftari lilisema: Bhoke, mwanamke, miaka ishirini na sita, kijiji cha Mbalibali. Mbele yake, kwa mwandiko wangu mzuri, niliandika kwamba hakuna kitu.

"Andika hapo chini kilichotokea," Bwana Athumani akasema, akanipa kalamu nyekundu. "Andika kwa jina lako. Kwa mganga mkuu nitakwenda mimi, maabara ni yangu. Wewe nenda ukamtafute huyu mama."

Mwita alipojua hakungoja kuombwa. Alikuwa na zamu ya kupumzika, na huko Mbalibali ana jamaa. "Shemeji ni wangu, daktari. Twende." Tukapanda pikipiki tukaenda, vumbi mpaka kwenye meno. Tukamkuta mama mkwe wake Bhoke anaanika ulezi. Akatupokea, akatupa vigoda, akasikiliza.

"Hayupo," akasema. "Alipotoka kwenu akasema, daktari kasema sina kitu, basi nikatafute riziki. Kaenda Sirari kwa dada yake. Kaenda na mtoto."

"Mtoto mkubwa?"

"Bado ananyonya."

Mwita akanitazama. Sikuweza kumtazama yeye.

Kesho yake tulipanda basi la Tarime, na kutoka Tarime tukachukua gari la Sirari. Mnaijua Sirari, malori yamepanga foleni mpaka macho yanachoka, wabadilisha fedha wanakuita kushoto na kulia. Tukauliza kwa akina mama wanaopika. Wa tatu akatuonyesha kibanda cha mabati nyuma ya malori. Bhoke alikuwa amechuchumaa anakaanga chapati, mtoto mgongoni, na kila akikohoa anageuza uso na kuziba mdomo kwa ncha ya kanga. Alikuwa amekonda kuliko nilivyomkumbuka.

Utingo mmoja wa upande wa Kenya akatuona tunasimama juu yake. "Kwani kuna shida gani, madam? Huyu mama ndiye ana chapo poa hapa, msituondolee."

"Mura, kijana, kula chapati yako," Mwita akamwambia.

Nikachuchumaa mbele ya Bhoke. Akanitambua. Akafurahi hata, masikini. "Daktari! Umefuata nini huku?"

"Nimekufuata wewe. Yale majibu niliyokupa hayakuwa sahihi."

Akaingiza mkono kwenye pindo la kanga akatoa karatasi, imekunjwa mara nne. "Lakini mliniandikia."

"Nilikuandikia mimi. Nilikosea kupima dawa ya kupakia kipimo chako. Tumekirudia. Una kifua kikuu, Bhoke. Kosa si lako wala si la mashine. Ni langu."

Chapati ilianza kuungua. Akaigeuza. Akaitoa, akaiweka kwenye sahani, akaweka nyingine. Kisha akauliza bila kuniangalia, "Na huyu?"

Alikuwa anauliza kuhusu mtoto. Siku zote zile alikuwa amempumulia, amemnyonyesha, amelala naye kitanda kimoja, kwa sababu ya karatasi yangu.

"Tutampima naye. Kama hana, atapewa dawa ya kumkinga."

"Kama anayo?"

"Tutamtibu. Nitakuwepo."

Dada yake, aliyekuwa akikanda unga nyuma yetu, alikuwa amesikia yote, akachukua mwiko mkononi mwa Bhoke na kumsogeza kando ya jiko. Hapo ndipo Bhoke alipolia. Hakulia kwa ugonjwa, alilia kwa ule mwiko. Nimewaona watu wengi wakipewa majibu mabaya, lakini mkono ule wa dada yake unaochukua mwiko ndio ninaouona nikifumba macho. Kwenye kibanda kile Bhoke hakurudi tena. Hilo nalo niliweke kwenye hesabu yangu, maana dawa inaponya kifua, hairudishi mahali pa mtu.

Tulirudi wote wanne. Njiani Mwita alimbeba mtoto, akamwachia achezee bakora yake. Dada na wenzake wa kibandani wakaitwa kupimwa huko huko Sirari, wakawa salama. Mtoto alipimwa, hakuwa na ugonjwa, akapewa dawa ya kinga, ambayo alikuwa akiitema kwenye koti langu kila mara. Mimi nilipewa barua ya onyo na kuondolewa kwenye mizani miezi mitatu, nikawa naosha vioo. Bwana Athumani naye alipata barua yake, na hakunionyesha. Nilikuja kuiona, pamoja na nakala ya maelezo aliyojibu, miaka mingi baadaye tulipokuwa tunafunga vitu vyake arudi Tanga. Alikuwa ameandika kwa mganga mkuu kwamba kosa ni la msimamizi aliyemfundisha mtumishi wake kila kitu isipokuwa kumkatalia mtu anayemheshimu. Nimeisoma mara nyingi sentensi hiyo. Amekwisha kufariki, Mungu amrehemu, na hakuna wiki inayopita bila mimi kuisikia sauti yake ikiniambia nizime feni.

Kwa hiyo vijana wangu, andikeni kipimo pamoja na namba. Usiandike kumi, andika gramu kumi, na usome herufi zile ndogo kwa sauti kama mtu anayesoma jina la mgonjwa. Jicho lako likisema unga ni mdogo, lisikilize. Na mtu wako wa karibu akija na kipunje chake, mwambie hapana kwa heshima, umpe chai.

Bhoke alimeza dawa miezi sita. Alitembea kutoka Mbalibali, mvua na jua, hakukosa siku. Alianza kunenepa, akaanza kunitania kwamba mimi ndiye ninayekonda. Siku ya makohozi ya mwisho nilikuwa nimesharudishwa kwenye mizani. Nilitengeneza rangi, nikapaka, nikasoma. Nikatoka nje alipokaa na mwanawe nikamwambia, "Umepona. Hakuna kitu."

Hakuinuka kwenye benchi.

"Mara ile uliponiambia hakuna kitu, ulikuwa umeangalia?"

"Nilikuwa nimeangalia."

"Basi leo naangalia mwenyewe."

Si utaratibu, mgonjwa kuingia ndani. Nikamgeukia Bwana Athumani aliyekuwa mlangoni. Akasogea pembeni akampisha, na akamchukua mtoto mkononi. Bhoke akakaa kwenye kiti changu. Nikamwonyesha jinsi ya kufumba jicho moja. Akainama.

"Naona bluu."

"Ndiyo. Ugonjwa ungekuwa vijiti vyekundu."

"Huwa mnaangalia hapa tu?"

"Hapana. Tunasogeza kioo, tunaangalia sehemu mia moja."

"Sogeza."

Nikasimama nyuma yake, nikazungusha polepole kile kirungu cha hadubini kinachosogeza kioo, naye akawa anahesabu kwa Kikurya, chini chini, bila kuinua uso. Nje wagonjwa walikuwa wananung'unika. Hakuna aliyewajibu. Tulisogeza mpaka mia.